Hofu Haikuumbiwa Kudumu

Mahindi yanapokomaa huku Issenye, usingizi wa kaya nyingi huhamia shambani. Kata hii ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, ni jirani wa Pori la Akiba la Grumeti, na ng'ambo ya pori hilo ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Grumeti na Ikorongo yalitangazwa kuwa mapori ya akiba mwaka 1994, lakini tembo hawasomi matangazo. Wao hufuata harufu ya mahindi na mtama. Hivyo baba hulala kibandani na kurunzi, kijana wake hulala karibu na debe la kupigwa, na mama aliyebaki nyumbani na wadogo hapati usingizi vilevile, kwa kuwa masikio yake yako shambani.

Nataka kuitafakari hofu ya watu hawa, kwa sababu nadhani wengi wetu tumeielewa vibaya. Wahenga waliipa hofu heshima yake waliposema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisi tumeigeuza kuwa aibu. Mvulana akitetemeka huulizwa kama yeye ni mwanamume kweli. Mama asiyelala kwa wasiwasi huambiwa imani yake ni haba. Mwanafunzi anayesahau kila kitu mbele ya mwalimu mkali huitwa mjinga. Hukumu hizi zote zinadhani kwamba hofu ni udhaifu wa mwenye nayo. Elimu ya ubongo iliyokusanywa katika karne moja iliyopita inatupa sababu ya kuzifuta.

Tuanze na tawi linalovunjika gizani. Kabla mlinzi hajapata nafasi ya kujiambia kwamba huyo ni tembo, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala imekwisha kutambua hatari na kuipasha habari haipothalamasi, eneo dogo lililo katika sehemu ya chini ya ubongo. Kwa njia ya neva, amri hufika katika sekunde chache kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, adrenalini ikamwagwa, na moyo ukaenda mbio. Wakati huohuo haipothalamasi hutoa wajumbe wa aina nyingine, nyuropeptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino ambayo seli za neva huitumia kupashana habari. Mkuu wao katika saa ya hofu huitwa kwa kifupi CRH. Ni mnyororo wa asidi amino 41, na ulitambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake nchini Marekani kutoka katika bongo za kondoo. Pamoja nao hutoka vasopresini, yenye asidi amino 9 tu, ambayo huuongezea nguvu ujumbe wa CRH. Vasopresini hiyohiyo ndiyo inayoziamuru figo zisipoteze maji ya mwili.

Safari yao ni fupi sana. Vijishipa vya damu huwachukua kutoka haipothalamasi hadi kwenye pituitari, tezi yenye uzito wa takriban nusu gramu iliyokaa ndani ya kishimo cha mfupa chini ya ubongo. Pituitari ikiupokea ujumbe, humwaga katika damu homoni iitwayo ACTH, yenye asidi amino 39, ambayo nayo huziamsha tena tezi za adrenali, safari hii zitoe kotisoli. Kotisoli hupanda polepole zaidi na kufika kileleni baada ya nusu saa hivi. Kazi yake ni kufungua akiba ya sukari na kulishikilia shinikizo la damu, huku mambo mengine yakisubiri. Njaa hupotea, usagaji wa chakula hupungua, kazi za uzazi na za ukuaji hurudi nyuma. Mwili huahirisha kila jambo lisilo la usiku huu.

Nani amefanya kosa hapo? Hakuna. Mlinzi hakuchagua kuogopa, na kama asingeogopa pengine asingekuwepo asubuhi. CRH ya binadamu na ya panya ina asidi amino zilezile kwa mpangilio uleule, na ile ya kondoo inatofautiana nazo mahali saba tu. Urithi huu ni wa zamani kuliko ukoo wowote, na anayemcheka anayetetemeka anacheka kitu alichonacho yeye mwenyewe kichwani.

Lakini yapo mambo mawili katika mpango huu ambayo kila ninapoyafikiria hunifanya nitulie kwa heshima.

La kwanza ni kwamba pituitari haitengenezi ACTH peke yake. Huanza na protini moja ndefu, kisha huikata vipande. Kipande kimoja ni ACTH, mwamshaji. Kingine ni beta-endofini, mnyororo wa asidi amino 31 wenye uwezo wa kutuliza maumivu kama mofini inavyofanya. Mwaka 1977 Roger Guillemin na wenzake walionyesha, kwa kuwachunguza panya, kwamba msongo wa ghafla huvitoa vitu hivi viwili kwenye pituitari kwa pamoja. Mwaka huohuo yeye alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ndani ya ubongo wenyewe kuna akiba nyingine ya vitulizo vya jamii hiyo, vikiwemo enkefalini, ambazo John Hughes na Hans Kosterlitz walizitambua huko Aberdeen, Uskoti, mwaka 1975.

David Livingstone, mmisionari ambaye watu wa Ujiji na Bagamoyo wanalijua jina lake, alirukiwa na simba mwaka 1844 huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, na mfupa wa mkono wake wa kushoto ukavunjwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1857 alieleza kwamba wakati simba anamtikisa hakuhisi maumivu wala woga, ingawa alikuwa anaona yote yanayotendeka, naye aliamini kwamba hiyo ni rehema ya Muumba kwa kiumbe anayekaribia kufa. Alifariki mwaka 1873, na baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba mwili wake hadi pwani, alitambuliwa nchini Uingereza kwa mfupa huo uliovunjwa na simba. Livingstone hakuwa na neno endofini. Sisi tunalo, na neno hilo halijaipunguza rehema aliyoiona. Amri ya kuamka na faraja ya kustahimili hukatwa kutoka katika protini moja.

Jambo la pili ni namna hofu inavyokoma. Kotisoli ikishaenea mwilini, hurudi na damu hadi kwenye haipothalamasi na pituitari, na kuziambia zinyamaze. CRH hupungua, ACTH hushuka, kisha kotisoli yenyewe hushuka. Ni sawa na yowe la kijijini. Wa kwanza hulipiga, wa pili hulipokea, watu hutoka na marungu, na hatari ikishapita lazima apatikane wa kutangaza kwamba mambo yamekwisha, watu warudi wakalale. Kijiji kisicho na wa kutangaza hivyo hukesha hadi kichoke, na siku adui wa kweli akija hakina nguvu za kumkabili. Mwili uliumbwa na mtangazaji wake ndani. Hofu iliwekewa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Ukitaka kuuona mlango wa kutokea, tazama Mto Grumeti katika miezi ya Mei hadi Julai, nyumbu wanapopita ukanda wa magharibi katika mzunguko wao wa mwaka. Wako zaidi ya milioni moja, na mto una mamba. Nyumbu aliyenusurika hutoka majini akihema, hukimbia, husimama, na baada ya muda si mrefu utamkuta ameinamisha kichwa anakula majani. Wengi wameitumia picha hii kutusema sisi binadamu, wakidai kwamba mnyama husahau, na mtu hujitesa kwa mawazo yake. Mafundisho hayo yana ukweli, lakini yana hatari pia, kwa sababu yanarudisha lawama kwa yule mwenye hofu. Yanamwambia kwamba angekuwa na busara ya nyumbu angelala.

Tembo wetu wanatoa ushahidi mwingine. Mwaka 2013 jarida la African Journal of Ecology lilichapisha utafiti uliofanywa katika ikolojia ya Serengeti na watafiti kutoka Norwei wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI. Walikusanya kinyesi cha tembo na kupima mabaki ya homoni za msongo, njia ambayo haimsumbui mnyama na ambayo huonyesha hali ya mwili wake kwa saa nyingi zilizotangulia. Tembo walioko nje ya hifadhi ya taifa, katika Pori la Akiba la Grumeti na eneo la wazi la Ikoma, walikuwa na kiwango kikubwa zaidi kuliko wale walioko ndani ya hifadhi.

Naomba msomaji akae kidogo na habari hiyo. Tembo wa Ikoma ana ubongo uleule wa tembo wa katikati ya Serengeti, CRH ileile, pituitari ileile. Hakuwaza mambo ya kesho kuliko mwenzake. Kilichotofautiana ni mahali anapoishi na yanayompata hapo. Upande mmoja hatari huja na kuondoka. Upande mwingine, karibu na watu, hakuna saa ambayo tembo anaweza kuihesabu kuwa salama. Kumbe hata mnyama, akizungukwa na hatari isiyopumzika, hubeba msongo mzito. Hofu ya kudumu hutengenezwa na mazingira, na mazingira ya viumbe wengi hutengenezwa na mtu fulani.

Kwa hiyo usiku huo wa mavuno kuna hofu mbili zinazotazamana shambani. Tembo anamwogopa mtu, na mtu anamwogopa tembo, na pituitari mbili zinamwaga homoni kwa wakati mmoja. Sisemi haya ili kumpunguzia mkulima haki yake. Mtoto wa mkulima hali huruma ya watalii, hula mahindi. Serikali iliweka kanuni mwaka 2011 za kumpa pole aliyeharibiwa mazao au aliyefiwa, malipo ambayo wananchi huyaita kifuta jasho na kifuta machozi. Ni jambo jema likifika na likifika mapema. Lakini jasho na machozi vikishafutwa, bado usiku unaofuata utakuja. Ulinzi wa kweli wa mkulima ni ule unaomrudishia usingizi: askari wa wanyamapori wanaofika wanapoitwa, uzio wa pilipili au wa mizinga ya nyuki unaotunzwa, na zamu za majirani ili asikeshe mtu yuleyule kila siku.

Ushahidi wa tatu unatoka ng'ambo ya mpaka, Masai Mara nchini Kenya, ambako mbuga ni ileile iliyobadilishwa jina. Robert Sapolsky wa Marekani alianza mwaka 1978 kuwachunguza nyani wa huko, akiwapima damu msimu hadi msimu. Aliona kwamba katika kundi lenye ubabe, madume ya chini yanayopigwa na kufukuzwa kila mara huwa na kotisoli nyingi hata siku ambazo hakuna kilichotokea. Kisha, miaka ya 1980, madume makali zaidi ya kundi moja yalikuwa yakienda kugombania makombo kwenye jalala la hoteli ya watalii, yakapata kifua kikuu kutokana na nyama yenye ugonjwa, yakafa. Waliobaki walikuwa majike na madume wapole. Kundi likabadilika. Ubabe juu ya wanyonge ukapungua, kusafishana manyoya kukaongezeka, na madume ya chini hayakuonyesha tena zile dalili za msongo. Jambo la ajabu zaidi Sapolsky na Lisa Share walilieleza mwaka 2004. Madume wapya waliohamia kutoka makundi mengine, miaka mingi baada ya wale wa mwanzo kutoweka, walijifunza upole wa hapo.

Kama nyani wanaweza kurithishana utulivu, sisi tuna udhuru gani?

Nayauliza haya kwa sababu najua tunavyoishi. Kuna nyumba ambamo mke huutambua mwendo wa mumewe langoni, na kabla mlango haujafunguliwa watoto wameshanyamaza. Usiku huo anaweza asipige mtu. Haidhuru, CRH imekwisha kutoka, ACTH imekwisha kufuata, kama jana na kama juzi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mtoto aliyekua akisikiliza hatua za baba atashtuka kwa hatua za kila mtu. Kotisoli inayookoa maisha kwa nusu saa, ikikaa miezi na miaka, hupandisha shinikizo la damu, hudhoofisha kinga ya mwili, na huiumiza hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu na ambayo pia husaidia kuizima hofu. Hapo mlango wa kutokea unaanza kuzibika.

Kuna madarasa pia. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule kuchapa, na zinaweka kikomo cha viboko vinne. Wengi hubishana juu ya maumivu ya viboko hivyo. Mimi nafikiria zaidi saa zinazovitangulia. Mtoto anayeingoja fimbo tangu asubuhi hasomi hesabu wala Kiswahili. Mwili wake umeahirisha kila kisicho cha fimbo. Kisha tunamwita mzito wa kuelewa.

Na katika mkoa wetu huu wa Mara, hasa Desemba shule zikifungwa, wapo wasichana wanaokimbia nyumbani wakihofia kukeketwa, ingawa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Mugumu, makao makuu ya wilaya yetu, ipo nyumba salama inayowapokea. Msichana anayeingia pale usiku, akapewa kitanda na kuambiwa kwamba hakuna atakayemgusa, anapewa kitu ambacho hakuna kidonge kinachokitoa kwa ukamilifu. Anatangaziwa kwamba hatari imepita. Wanaoiendesha nyumba ya namna hiyo wanafanya kazi ya tiba, na ni aibu yetu kwamba mtoto analazimika kuipata tiba hiyo kwa wageni wakati wazazi wake wako hai.

Maana mtangazaji wa ndani hatoshi peke yake. Wanasayansi wamewachunguza panya wa mbugani wa Amerika ya Kaskazini, ambao huishi dume na jike kama wenzi. Jike akipatwa na msongo akaachwa peke yake, homoni zake hubaki juu. Akirudishwa kwa mwenzi wake hutulia, na katika haipothalamasi yake hutoka oksitosini, nyuropeptidi ya asidi amino 9 ambayo mama anayejifungua na anayenyonyesha anaihitaji. Watafiti walipoizuia oksitosini isifanye kazi, kuwapo kwa mwenzi hakukumsaidia tena. Nayo nyuropeptidi Y, yenye asidi amino 36, ilipimwa kwa askari wa Marekani waliokuwa katika mafunzo makali ya kuhojiwa kama mateka. Wale walioweza kuitoa kwa wingi zaidi walibaki na akili iliyotulia zaidi. Hawakukosa hofu; walikuwa na cha kuisawazisha. Ndiyo maana siamini tena kwamba shujaa ni mtu asiyeogopa. Shujaa huogopa kama wote, kisha hurudi mapema katika utulivu, na mara nyingi anarudi mapema kwa sababu kuna aliyemshika mkono.

Wazee wa eneo hili walilijua jambo hili bila maabara. Mwishoni mwa karne ya 19 jamii za Serengeti magharibi zilipigwa mfululizo. Sotoka ilimaliza ng'ombe, yakaja magonjwa, njaa na uvamizi, watu wakatawanyika kutoka maskani yao ya zamani. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya simulizi za wazee wa Issenye, Nata, Ikoma na Ngoreme na kuzichapisha mwaka 2007, ameeleza jinsi jamii hizi zilivyojipanga upya kwa marika, na jinsi rika lililokabidhiwa nchi lilivyokuwa na desturi ya kuizunguka kwa miguu ili kuiponya na kuilinda. Naona hekima kubwa hapo. Watu waliotishwa kupita kiasi hawakuambiana kila mmoja ajikaze kivyake. Waliondoka pamoja, wakapita mipakani machoni pa wote, na kila kaya ikaona kwamba kuna wanaoangalia.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa msomaji wangu, awe Issenye au mbali. Mzazi, ukimkemea mtoto, malizia jambo hilo siku hiyohiyo, na umwambie kwamba limekwisha. Mwalimu, usimwache mtoto akiisubiri adhabu. Zungumza naye mapema, na fimbo iweke mbali. Kiongozi wa kijiji, mtu akiripoti tembo, au mume, au tishio la kukeketwa, mjibu usiku uleule, kwa sababu kila saa ya kimya chako inalipwa na mwili wa mtu mwingine. Jirani, mama aliyefiwa asilale peke yake, na mlinzi wa shamba asikeshe peke yake. Haya hayagharimu fedha nyingi, na yote yanafanya kazi ambayo pituitari iliianza na haiwezi kuimaliza.

Hofu ni ya dakika chache, na katika dakika hizo ni rafiki. Anayeifanya iwe makazi ya mwenzake anamdhulumu, na mwenye uwezo wa kuikomesha akanyamaza anashiriki dhuluma hiyo.